Riwaya nzito isikushinde: namna ya kuisoma mpaka mwisho ukiwa hapa hapa Amu (Lamu)

Kila mara mtu ananiuliza vipi anaweza kumaliza zile riwaya kubwa za zamani ambazo kila mtu anazisifu na wanaozimaliza ni wachache, na jibu langu ni moja tu, shida si akili yako. Shida ni sikio na wakati. Kitabu kigumu kina lugha yake chenyewe na ile lugha haikuingii siku ya kwanza. Mtu wa bara akija Amu, hata awe Kiswahili shuleni alipata A, wiki za mwanzo wazee wa mtaa wa Mkomani wakizungumza Kiamu chao hashiki kitu, wakicheka naye acheka tu, halafu siku moja amekaa barazani anagundua anaelewa na hakuna aliyemfundisha. Kitabu ni vivo hivo. Kazi yako wewe ni kubaki karibu nacho mpaka sikio lifunguke, na hizi hatua ni za kukusaidia ubaki.

Ntatumia mfano mmoja mkubwa, Moby-Dick ya Herman Melville ilotoka 1851, kwa sababu ni kitabu cha bahari na sisi ni watu wa bahari, na pia kwa sababu ndo kile ambacho watu wengi wanakianza na kukiacha njiani.

1. Chagua kimoja, na kiwe na mlango wa kukuingiza wewe

Usichague kitabu ati kwa sababu kiko kwenye orodha ya vitabu mia bora duniani. Tafuta kile ambacho kuna kitu ndani yake unakijua tayari, hata kitu kidogo, manake hicho ndo utakachoshika pale ambapo mengine yote yanateleza.

Chukua hichi cha Melville. Mtu wa pwani anakijua zaidi ya anavodhania. Kuna jahazi kubwa, kuna nahodha na mabaharia wa kila kabila, kuna milingoti na matanga na chusa, ule mkuki wa kumchomea nyangumi. Sura ya 9 ni mahubiri marefu juu ya kisa cha Nabii Yunus na samaki, kisa ambacho sote tumekisikia tangu chuoni tukiwa wadogo. Sura ya 92 inaeleza ambari, vile inavopatikana ndani ya tumbo la nyangumi mgonjwa halafu inakuwa manukato ya matajiri, na pwani yetu hii ilikuwa ikiuza ambari miaka mingi sana kabla ya huyo Melville kuzaliwa. Ile meli yao yapita Rasi ya Tumaini Jema yaingia Bahari ya Hindi mpaka mlango wa Sunda kule Indonesia, Amu haigusi lakini bahari ni hii hii. Na tukumbuke pia wakati ule Wamarekani walikuwa wakija Unguja kufanya biashara, walitiliana mkataba na Sayyid Said 1833 na mwaka 1837 wakaweka balozi wao mdogo pale, na wengi wa wafanyabiashara hao walikuwa wakitoka jimbo la Massachusetts, jimbo hilo hilo ambalo safari ya meli ya kitabuni inaanzia bandari zake. Melville mwenyewe alipanda meli ya kuwinda nyangumi 1841, hakuandika mambo ya kusikia.

Kama bahari si yako, kuna Warusi, kuna Dostoyevsky kwa wale wanaopenda kujadili dini na dhambi mpaka usiku wa manane. Na kama wataka ugumu kwa Kiswahili basi uko, chukua Nagona (1990) au Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, vitabu vyembamba ambavyo mtu anaweza kuvitia mfukoni, lakini mwanangu, uzito wake si wa kurasa.

2. Tafuta nakala

Hapa pafupi. Vitabu vya karne ya 19 havina tena mwenye haki miliki kwa hivo viko bure kwenye intaneti, tovuti ya Project Gutenberg inavyo, unadaunlodi mara moja ukiwa na wifi halafu unasoma bila ya data hata stima ikipotea. Lakini ukiweza kupata cha karatasi, kipate. Ulizia maktaba iliyo ndani ya Ngome, muulize mwalimu wa Kiingereza unayemjua, muulize ndugu anayekuja kutoka Mombasa au Nairobi akupitie kwenye vitabu vya mitumba. Chenye maelezo nyuma ni bora zaidi. Kitabu cha karatasi unakiandika kwa penseli, na penseli ndo nusu ya kazi kama ntakavoeleza.

3. Kijue kisa chote kabla ya kuanza

Najua kuna watakaokasirika. Lakini nasema kwa moyo safi kabisa: soma muhtasari, jua nani anakufa. Riwaya hizi hazikuandikwa kwa ajili ya kukuficha mwisho. Wazee wetu wanaposikiliza utendi wanaujua mwisho wake toka utotoni na bado wanalia pale pa kulia.

Kisa cha Moby-Dick chote hichi hapa: nahodha Ahab alikatwa mguu na nyangumi mweupe, anachukua meli ya watu ambayo kazi yake ni kutafuta mafuta, anaigeuza iwe ya kulipiza kisasi chake yeye, na nyangumi anaizamisha, anabaki mtu mmoja wa kusimulia. Basi. Sasa ushatua ule mzigo wa "kutatokea nini", umebaki na jicho la kuangalia vipi inatokea, na huko kwenye vipi ndo kitabu kilipo.

Muhtasari ukome hapo lakini. Sisi tulosoma shule za Kenya tumezoea ile miongozo ya vitabu vya mtihani, maudhui, wahusika, mbinu za lugha, mpaka mtu anajibu swali la kitabu ambacho hajakifungua. Ule usomaji ni wa mtihani na kazi yake imekwisha siku ya mtihani. Hapa hakuna anayekusahihisha.

4. Weka saa, usiweke kurasa nyingi

Wakati mmoja, ule ule kila siku. Baada ya alfajiri kabla ya mji kuamka ni wakati mzuri sana, punda bado wachache vichochoroni na simu haijaanza kulia. Wengine inawafaa baada ya isha. Mwezi wa Ramadhani wengi wanasoma baada ya tarawehe na wanasema ndo wanaposoma vizuri zaidi ya miezi yote.

Kiasi kiwe kidogo mpaka uone haya kukikosa. Moby-Dick ina sura 135 na nyingi ni fupi, kurasa mbili tatu hivi. Ukisoma sura 2 kwa siku umemaliza kwa siku 68, yaani miezi miwili na kitu, na bila ya kujitesa. Yule anayejitia kusoma kurasa mia Jumamosi moja, Jumapili kitabu kinamtisha, Jumatatu kiko chini ya mto, mwezi ujao hajui kiko wapi.

Simu iwe chumba chengine. Hili sirefushi, kila mtu anajua kwa nini.

Na kitu kimoja cha kuanzia: Moby-Dick inafungua na kurasa kadhaa za nukuu tupu juu ya nyangumi, kutoka kwenye vitabu vya kila aina. Ziruke. Utazirudia mwisho ukipenda na hapo zitakuwa tamu. Wako watu walosema kitabu kimewashinda na kumbe hawakuifikia hata sura ya 1.

5. Soma kwa sauti

Hatua hii ndo kubwa kuliko zote, ningeambiwa nichague moja ningechagua hii na kuacha zote zengine.

Sentensi za waandishi wale ni ndefu. Sentensi moja yaweza kushika nusu ukurasa, nukta haionekani, mkato juu ya mkato, na jicho likikimbia juu yake linafika mwisho halijabeba kitu. Mdomo haukimbii. Mdomo unahitaji pumzi, na pumzi inajua wapi pa kusimama hata kabla akili haijaelewa. Melville alipokuwa akiandika masikio yake yalikuwa yamejaa Biblia ya Kiingereza cha kale na Shakespeare, alikuwa akisikia anachoandika, sasa wewe ukikisoma kimya ni kama umezima nusu yake.

Sisi tena hatuna sababu ya kuona ajabu. Mji huu wetu unasoma kwa sauti toka zamani, Qur'ani kwa sauti, maulidi kwa sauti, tendi kwa sauti, na wangapi wameusikia Inkishafi wakiwa watoto hawajui hata nusu ya maneno yake, kile Kiamu cha kale, wakakaa nao hivo hivo mpaka ukubwani maana yakaja yenyewe moja moja? Huo ndo usomaji wa kitabu kigumu na umeuona tayari.

Namna ya kufanya. Sentensi ikikushinda usiirudie yote haraka haraka mara tano, haitafunguka. Itafute kwanza mifupa yake, nani anafanya nini. Mfano, nimeitunga mwenyewe kwa mtindo wao: "Nahodha, ambaye kwa siku nyingi tangu tuiache bandari hakuna baharia alomuona, si wakati wa mchana walipokuwa wakitengeneza matanga wala usiku pale zamu inapobadilishwa na kila sauti ya mbao inasikika mara mbili, asubuhi ile, bila ya kutangulizwa na mtu wala kutangazwa, alipanda juu." Mifupa yake: nahodha alipanda juu. Maneno matatu. Yatie penseli chini. Sasa soma yote tena kwa sauti polepole, na utaona yale mengine si vikwazo, yamewekwa makusudi ili na wewe umsubiri yule nahodha kama mabaharia walivokuwa wakimsubiri. Melville anafanya hivo hivo kwa kitabu kizima, Ahab unasikia habari zake sura baada ya sura na humuoni mpaka sura ya 28. Ukilijua hilo huchoki kumngoja, manake kungoja kwenyewe ndo hadithi.

Kutoka sura ya 37 mpaka ya 40 kitabu kinageuka karibu kuwa mchezo wa kuigiza, kila mtu anazungumza peke yake, halafu mabaharia wote wanapiga kelele na kuimba. Hizo zisomwe na watu watatu wanne mkigawana sauti, na raha yake nakuapia huipati kwenye kusoma kimya.

6. Ukikwama

Neno usolijua lipite. Likirudi mara ya tatu, hapo fungua kamusi. Ukifungua kamusi kwa kila neno umeacha kusoma umeanza kazi nyengine.

Maneno ya meli usiyatafute kwenye kamusi tu, nenda kwa watu. Amu hii bado wako wazee walokwenda na majahazi, wako mafundi Matondoni na Shela. Mpe mzee salamu yake, shikamoo mzee, kaa, kunywa kahawa, muulize kamba hii inafungwa wapi na kazi yake nini, mueleze kitabuni wanasema hivi na hivi. Utarudi na majibu ambayo hakuna kamusi inayo, na mara nyingi mzee atataka umsimulie kisa kimeishia wapi.

Majina yaandike kwenye karatasi nyuma ya kitabu, jina na mtu mwenyewe ni nani, mstari mmoja basi. Kwa Warusi hili ni lazima, manake mtu mmoja ana majina matatu, kwenye Ndugu Karamazov ya Dostoyevsky, Dmitri ndo Mitya na Aleksei ndo Alyosha, ingawa mtu wa pwani asishangae sana, Abdalla gani hapa hajawahi kuitwa Dula.

Na ukurasa usoelewa kabisa, uwekee alama ya kuuliza pembeni uendelee. Nasema endelea. Alama zile utazihitaji kwenye hatua ya 8.

7. Sura zinazochosha

Hapa ndo penye vita. Katikati ya Moby-Dick kuna sura nyingi ambazo hadithi inasimama kabisa. Sura ya 32 anapanga nyangumi wote wa dunia kwa madaraja kama vitabu vinavopangwa kwa ukubwa wa karatasi. Kuna sura za kichwa cha nyangumi, mkia wa nyangumi, ngozi ya nyangumi. Watu wengi wanakushauri uziruke. Mimi sikubaliani nao na ntakwambia kwa nini kwa mfano mmoja tu.

Sura ya 60 inaeleza kamba. Kamba tupu, ile inayofungwa kwenye chusa. Anakwambia zamani ilikuwa ya katani sasa ni ya Manila, unene wake, urefu wake zaidi ya pima 200, vile inavokunjwa kwa utaratibu ndani ya pipa kwa sababu pindo moja likikaa vibaya litamng'oa mtu mkono au mguu. Halafu anakuonyesha vile kamba ile inavopitishwa mashuani baina ya wapiga makasia, kila mmoja imempitia mkononi au ubavuni, wamekaa ndani ya vitanzi vyake na wanapiga makasia na kufanya mzaha. Mvuvi yeyote wa hapa alowahi kutupa mshipi akashikwa na samaki mkubwa akauona ule uzi unavokimbia na kukata vidole anaijua ile hofu. Unaisoma, unafikiri ni somo la kamba. Sasa nenda mwisho kabisa, sura ya 135: Ahab anarusha chusa, kamba inakwama, anainama kuinasua, inamzonga shingoni na anaondoka mashuani kimya hata wenzake hawajajua kama hayupo. Inatajwa kwa sentensi chache sana. Aloruka sura ya 60 anaona mtu amekufa kwa bahati mbaya na haraka haraka. Alosoma anaijua kamba ile toka zamani, anaijua uzito na mwendo wake, na anajua kila mtu mle mashuani alikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza.

Kwa hivo sura inayochosha isome, ila punguza kasi ya matarajio. Usiulize "hadithi iko wapi", uliza "hichi kitu ananionyesha cha nini". Soma sura moja tu siku hiyo ufunge. Na ukichoka sana simama uisome ukitembea, nenda nayo mpaka Shela kwa njia ya pwani maji yakiwa yametoka.

8. Tafuta mwenzako

Peke yako utafika, lakini mwenye mwenzake anafika na vitu zaidi. Utaratibu tunao tayari, ni wa darsa. Magharibi mpaka isha msikitini, kitabu kiko katikati, mmoja anasoma kifungu, anasimama, kinaelezwa, mwenye swali anauliza, kesho mnaendelea pale mlipoachia. Hakuna anayekimbia, hakuna anayeona haya kuuliza, na kitabu kimoja chaweza kuchukua miaka na hakuna anayesema ni kirefu. Mambo ya dini yana heshima yake na siyalinganishi na riwaya, nachukua mwendo wake tu.

Watu wawili wanatosha, watatu ni bora, zaidi ya watano inakuwa mkutano. Mkutane mara moja kwa wiki barazani kwa mtu, kila mmoja aje na alama zake za kuuliza, na sheria iwe moja: kabla ya kutoa maoni fungua ukurasa usome pale unapopazungumzia, kwa sauti. Hilo linazuia yale maneno ya jumla jumla, "kitabu kizuri kina mafunzo". Mwenzenu akiwa Malindi au amekwenda Mombasa kutafuta riziki, atume voisi noti, anasoma ule ukurasa wake na swali lake, nyinyi mnajibu kwa voisi. Yapo makundi yanaenda hivo na yanaenda vizuri.

Dada zetu ambao kukaa baraza za nje si desturi wasione hili haliwahusu, ukumbi wa nyumba baada ya kazi za alasiri ni pahala pazuri kuliko baraza yoyote, na Mwana Kupona 1858 hakuandikia utendi wake barazani.

9. Wakati wa kuacha

Kuacha kunaruhusiwa, ila kuwe na mpaka ulouweka kabla. Kwa Moby-Dick mpaka wangu ninaoshauri ni sura ya 36, pale Ahab anapowakusanya mabaharia wote, anagongomea sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti na kuwaambia safari hii hasa ni ya nini. Ukifika hapo, umesoma kwa sauti, umelala juu yake usiku mmoja, na bado moyo haujashtuka, kifunge kwa amani ukirudishe rafuni. Riwaya yenyewe haikupendwa ilipotoka, haikuuza vizuri maisha yote ya Melville, akafa 1891 wengi wamemsahau, na ni miaka ya 1920 ndo watu wakaanza kuirudia. Kitabu kilongoja zaidi ya miaka 60 kupata wasomaji kitakungoja na wewe miaka mitano.

10. Ukimaliza

Usikirudishe wiki hiyo. Zile kurasa za nukuu ulizoziruka mwanzo, sasa zisome. Halafu soma sura ya 1 tena, kwa sauti, pale pale ulipokuwa ukisomea, na baada yake pitia zile alama zako zote za kuuliza kwa penseli ile ile. Zilofunguka zifute. Zilobaki zinakili kwenye karatasi uende nazo kwa mwenzako, na kitabu mpe mtu mwengine kikiwa na alama zako ndani.

Cha pili kiwe chembamba. Nagona yafaa sana hapo, sura kwa sura kwa mwendo huu huu, manake ukitoka kwenye kitabu kirefu namna hii sikio liko wazi na itakuwa hasara kuliacha lifunge.